Siku moja ya prodyusa Mombasa: leo ni siku ya demo

Saa 11 alfajiri. Adhana ikishatoka naswali, alafu kabla tuktuk hazijaanza honi zao hapo nje nakaa na hedfoni. Studio yangu ni chumba kimoja Kisauni, mablanketi ukutani, godoro kuukuu nyuma ya mlango, na huu ndio wakati pekee wenye utulivu wa kusikiliza kitu vizuri. Asubuhi sitengenezi biti. Nasikiliza lebo, yaani kampuni zinazotoa nyimbo za wasanii. Watu wakisikia natuma demo, ngoma za kuwaonjesha lebo, wanadhani nakaa kutwa nikipika ngoma nikimaliza narusha imeli kwa kila lebo iliyoko duniani, na wala, sehemu kubwa ya kazi ni hii hapa, kusikiliza walichotoa mwaka huu na mwaka jana, wimbo baada ya wimbo, mpaka ujue masikio yao yanapenda nini. Ngoma ninazotaka kutuma ni tatu, zote sita kwa nane, yaani mapigo sita kila mzunguko, chini mdundo wa chakacha, juu kayamba, ile ya matete inayotikiswa, katikati besi ya sinthi inayotambaa polepole. Lebo ya hausi, muziki wa klabu, inayotoa pigo zito la nne kwa nne kila wiki haina pa kuziweka hizi hata iwe kubwa namna gani.

Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, muziki wa kasi wa Tanzania, kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, na singeli ikaenda ulimwenguni na kasi yake ileile ya biti 200 kwa dakika na kupita, haikupunguzwa mwendo ndio wazungu waelewe. Mimi lebo naipimia hapo. Kuna moja ya Ulaya, jina naliacha, ilinijibu kwamba sauti wameipenda lakini ninyooshe mdundo ili uchezeke klabu. Mtu aliyewahi kuona harusi ya hapa kwetu, kina mama wako kwenye chakacha, leso zimefungwa kiunoni, hawezi kuniambia sita kwa nane haichezeki. Niliwashukuru nikakataa na nitakataa tena. Lebo inachagua, sawa, lakini na wewe unachagua, na hili vijana wengi hatuambiwi.

Saa 1 asubuhi. Mahamri na mbaazi kwa mama wa pale kona, chai ya maziwa yenye iliki, nimebeba bahasha mkononi. Ndani kuna karatasi tatu, moja kwa kila ngoma, imeandikwa nani katunga, nani kaimba, nani kapiga nini, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Binti aliyeimba ashatia sahihi. Aliyebaki ni mzee wa kayamba na yeye yuko Likoni, ng'ambo ya maji.

Saa 2. Matatu mpaka mjini, ingine mpaka Feri, alafu unaingia kwenye ule umati wa kuvuka. Waenda kwa miguu hatulipi, unavuta subira tu mpaka lango lifunguliwe. Wengi wanavuka kuja kisiwani saa hii, mimi naenda kinyume nao, kwa hivyo napata nafasi ya kusimama kando na kuzisikiliza miksi zangu kwa simu. Kwa simu besi yote inapotea, kwa hivyo unajua wazi kama wimbo unasimama bila hiyo besi au hausimami.

Saa 3 kasoro niko barazani kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbona asubuhi asubuhi?"

Nikampa karatasi, akaivaia miwani, akaiangalia kisha akanirudishia. "Nisomee wewe, herufi ndogo hizi." Nikasoma mstari kwa mstari, pole pole, bila kuruka kitu. Akaniuliza, "Kwani wewe na mimi hatujuani?" Nikamwambia mzee twajuana sana, na ndio maana nataka iandikwe, mimi leo nikiondoka duniani watoto wako watamuuliza nani? Akanyamaza kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu hili ndilo jambo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mpigaji haki yake mwenyewe, mbali na ya mtunzi, mbali na yangu mimi mwenye rekodi. Yaani yule mzee aliyekaa kwenye chumba changu akatikisa kayamba, uchezaji wake ni wake, huwezi kuurekodi ukauza bila idhini yake. Na rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Miaka 50 jamani! Huyo mzee hatakuwepo, na mimi Mungu ndiye anajua, lakini pesa ikija ije kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa. Wazee wangapi wa pwani hii wamepiga kwenye rekodi, wakapewa cha siku hiyo wakaenda nyumbani, na leo wimbo unapigwa na familia haina hata karatasi ya kuonyesha? Sitaki mimi niwe sababu ya mwingine kukosa chake.

Ngoma mbili za kwanza katia sahihi, akaniambia niandike na lile jina wanalomjua ngomani maana la kitambulisho hakuna anayelijua. Ya tatu akasita. "Hiki kiitikio," akasema, akakiimba taratibu huku akipiga goti, "hiki si changu, na si cha huyo binti. Hiki tumekikuta. Chaimbwa kwenye ngoma za huku tangu sijazaliwa." Binti alikuwa amekisikia kwa bibi yake akadhani ni cha nyumbani kwao tu.

Sasa hapo mambo yanabadilika. Kuna sheria nyingine ya mwaka 2016, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayosema vitu kama hivi vina wenyewe, jamii, na ukitaka kuvifanyia biashara utafute ridhaa yao. Hata isingekuwepo sheria, heshima iko wapi nikiandika "utunzi: mimi" kwenye kitu ambacho mabibi wa watu wamekiimba miaka yote hiyo? Ngoma ya tatu nikaitoa kwenye demo palepale. Mzee akasema Jumamosi wazee wa kile kikundi hukutana, atanipeleka mwenyewe. Demo itakwenda na ngoma mbili. Mbili safi zinatosha kabisa, mtu wa lebo anasikiliza nusu dakika ya kwanza akaamua.

Saa 6 mchana nimerudi, jua limewaka. Nakula wali wa nazi na samaki wa jana haraka haraka kwa sababu saa 7 nina kazi ya kunilisha, familia moja ya Bamburi inataka wimbo wa harusi, bwana harusi mwenyewe anaimba. Ili maiki isishike upepo nazima feni, kwa hivyo sote tunarekodi tukiwa tumelowa jasho, anaimba mistari miwili tunafungua mlango, anaimba mingine miwili. Lakini alikuwa na sauti nzuri mashallah. Hizi kazi za harusi na matangazo ndizo zinalipa kodi ya chumba na stima, demo hailipi kitu mpaka siku itakapolipa.

Saa 9 stima ikapotea. Laptopu ina chaji kidogo, nikaitumia kusoma mkataba wa rafiki yangu wa Changamwe ambaye lebo moja imemtumia, kaniomba niutazame kabla hajaenda kwa wakili. Mimi si wakili, lakini kuna maneno nikiyaona nasimama. Hapa kulikuwa na neno la kuhamisha umiliki wa rekodi yote, ulimwengu mzima, milele. Kuhamisha umiliki si sawa na kutoa leseni. Leseni unampa mtu autumie wimbo wako kwa muda, miaka mtakayoelewana, muda ukiisha unarudi kwako. Ukihamisha umeuza. Chini zaidi kulikuwa na nusu kwa nusu, akafurahi sana alipoona hiyo, nikamwambia soma mbele, ni nusu kwa nusu baada ya gharama. Nikamfanyia hesabu kwenye WhatsApp: tuseme wametumia shilingi 60,000 kwa masta (kuipiga ngoma msasa wa mwisho), kava na matangazo, na wimbo ukaleta 80,000, wanatoa yao kwanza, inabaki 20,000, wewe unapata 10,000, na mko watatu kwenye ngoma. Si wizi, ndivyo lebo nyingi ndogo zinavyofanya kazi na ziko zenye kukuletea wasikilizaji ambao peke yako usingewafikia, lakini ujue kabla ya kutia kalamu. Na ile pesa ya mwanzo wanayokupa nayo inakatwa humo humo, si zawadi. Mwombe wakili mkataba uwekewe muda, milele iondoke.

Saa 11 jioni stima imerudi, alhamdulillah. Narudi kwenye ngoma zangu mbili. Kayamba ni kazi ngumu kuimiksi, zile mbegu ndani ya matete zinatoa mlio wa juu sana unaopanda kwenye sehemu ileile ya herufi s za muimbaji, kwa hivyo nashusha kidogo hapo kila binti anapoimba na kuiachia akinyamaza, na kayamba yenyewe nimeisogeza upande wa kushoto. Sikandamizi sauti iwe kubwa kupita kiasi. Spotify wanasawazisha sauti kwenye LUFS 14 chini ya sifuri, LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiipiga nyundo masta yako watakushushia tu na ule uhai wa ngoma ushaupoteza.

Kisha jaribio ninaloliamini kuliko yote, jirani yangu ana tuktuk yenye spika mbili nyuma ya siti, nampa simu tunazunguka mpaka Mshomoroni na kurudi, matundu ya barabara, injini inanguruma. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili kayamba bado ilikuwa inameza maneno ya ubeti wa pili, nikarudi nikashusha desibeli mbili.

Saa 2 usiku, baada ya Isha, naandika imeli. Lebo moja tu kwa leo, ile niliyokuwa naisikiliza alfajiri. Kwanza nasoma ukurasa wao wa demo mpaka mwisho maana wengine wanataka fomu, wengine hawataki kabisa faili za kuambatisha, hawa wanataka linki. Naweka linki ya siri ya SoundCloud ambayo haihitaji mtu kujisajili, naifungua kwa simu ya ndugu yangu nihakikishe inafunguka. Faili za WAV, zile za ubora kamili, ziko tayari kwenye folda wakiziomba. Imeli ni mistari michache, mimi ni nani na niko wapi, ngoma mbili na majina yake, nani kaimba na nani kapiga kayamba, kwa nini nimewaandikia wao, hapa nataja kazi yao moja na kitu gani ndani yake kilinigusa, kisha kwamba haki zote zimeandikwa na kutiwa sahihi, hakuna sampo, kipande cha rekodi ya mtu mwingine. Huo mstari wa haki nauweka kila mara, unamwonyesha mtu wa lebo hana kesi anayoinunua. Basi. Sisimulii maisha yangu.

Siitumi usiku. Wako Berlin, kipindi hiki cha kiangazi chao wako nyuma yetu saa moja, naipanga itoke kesho saa 5 asubuhi ikiwafikia wamekunywa kahawa yao. Kwenye daftari naandika tarehe, lebo, ngoma zipi, na siku ya kuwakumbusha mara moja baada ya wiki tatu, wakinyamaza naenda kwa nyingine.

Saa 4 kasoro. Bwana harusi kanitumia sauti, anataka jina la mama yake liingie kwenye ubeti wa mwisho. Nimemwambia aje kesho saa 8, na yule mzee wa Likoni nimemtumia ujumbe kuthibitisha Jumamosi, nitakwenda na binti mwenyewe na bibi yake, wao ndio wakaongee na wazee kuhusu kiitikio.