Jumamosi ya Kugombea Namba

Agosti 2014, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja kidogo huko Ohio ilifungua kambi ikiwa na pengo. Ranibeki wake wa msimu uliopita alikuwa amehitimu, na ndiye huyohuyo aliyekuwa akirudisha mateke, yaani kuudaka mpira uliopigwa na wapinzani na kukimbia nao. Kwa mpigo mmoja nafasi tatu zikawa wazi: ya ranibeki, yaani anayepokea mpira mkononi kwa kotabeki (kiongozi wa mashambulizi, ambaye pia ndiye mrushaji) akimbie nao, ya kurudisha teke la kuanzia mchezo, na ya kurudisha teke la angani, lile ambalo timu iliyokwama hulipiga ili kumsukuma mpinzani mbali na goli lake. Waliogombea walikuwa watano. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kibarua upande wa vifaa: mipira, saa ya kupimia muda, na mashine ya kurushia.

Chuo kilikuwa Divisheni ya 3, daraja lisilotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kwa hiyo hakuna aliyeingia kambini na karatasi ya kumkingia kifua. Vyuo vikubwa wakati huo viliruhusiwa wachezaji 85 wa ufadhili, na kocha huona tabu kumweka benchi mtu aliyegharamiwa. Hapa kila mmoja alianzia sifuri.

Siku mbili za kwanza za kambi kanuni iliruhusu helmeti tu, mbili zilizofuata helmeti na pedi za mabega, na vifaa kamili siku ya tano. Ndiyo maana sifa za ranibeki za mwanzo wa kambi huwa za kupokea kwa tahadhari. Asiyekabwa, nani hana mbio? Kijana mmoja kutoka Florida, mwaka wa kwanza, aliwaacha wenzake kiasi kwamba wazazi waliokaa kwenye majukwaa walishampa namba. Kocha wa maranibeki hakusema kitu. Alisubiri Jumamosi, mechi ya wao kwa wao, vifaa kamili, marefa wa kukodi.

Asubuhi ilianza na mateke ya angani. Mrudishaji husimama yadi 40 hivi nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, pale mpira ulipowekwa kwa jaribio hilo. Upepo ukimsaidia mpigaji, anaongeza tano. Mpira wenyewe una ncha mbili, na hapo ndipo penye kazi. Teke zuri likiuinamisha ncha ya mbele ukiwa hewani, utasafiri mbali kuliko jicho linavyokisia. Ncha isipoinama, unakufa hewani na kudondoka mfupi. Mpigaji wa mguu wa kushoto huuzungusha kinyume na wa kulia, basi hata kuyumba kwake hugeuka. Timu ilikuwa na wapigaji wawili, mmoja wa kushoto. Mashine haina utundu huo. Magurudumu yake mawili hutoa mpira uleule mradi hujagusa mipangilio, na aliyejifunzia hapo tu hushtuka siku anapokutana na mguu wa mtu.

Kudaka kwenyewe ni tofauti na kipa wetu anayeruka kuuwahi mpira juu ya kichwa. Huyu huwahi mahali, kisha husimama. Viwiko karibu na mbavu, viganja juu, vidole vidogo vikikaribiana, na mpira huachwa ushuke mpaka kifuani. Macho hubaki juu mpaka ncha iinamie, halafu yanashuka mara moja tu kuwatazama wakimbiaji wawili wa timu iliyopiga wanaotoka pembeni, kisha yanarudi kwenye mpira. Katika mtupio huo mmoja wa jicho ndipo uamuzi hufanyika: kukimbia, kupunga mkono juu ya kichwa kuomba kudaka bila kuguswa, au kuuacha. Saa yangu ilisaidia kueleza kwa nini. Teke la yadi 40 likikaa hewani sekunde 4 na nusu, mkimbiaji wa pembeni ameshafika, punga mkono. Likikaa sekunde 3 na nusu, una nafasi ya hatua kadhaa kabla ya kuguswa. Na kila mrudishaji alipewa sheria ya kisigino: ukisimama kwenye yadi ya 10, yaani yadi 10 kutoka mstari wa goli lenu, usirudi nyuma hata hatua moja. Mpira ukivuka kichwa chako, uache uende, maana ukiingia eneo la goli bila kuguswa mnaanza kwenye yadi ya 20.

Wa Florida alikuwa akiwahi kila mpira akiwa bado anakimbia. Mipira ya mguu wa kulia aliidaka hivyohivyo, kwa kipaji. Wa kushoto ukamponyoka upande asioutarajia, akaamua kuuacha udunde chini, lakini hakupaza sauti. Tahadhari hiyo ni kazi ya mrudishaji, kwa sababu wanaomkinga wamegeuzia mpira mgongo. Uliruka, ukamgonga mwenzake kwenye kigimbi, na kuanzia hapo ukawa mali ya yeyote. Upande wa pili wakaulalia. Adui akapata yadi 40 kwa mpira ambao kijana hakuugusa kwa mkono.

Mfupi mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye kwa mbio tu alikuwa wa nne kati ya watano, alipunga mkono karibu kila mara. Kwa mtazamaji ilichosha. Kwenye daftari la kocha hakuangusha hata mmoja, na mpira mmoja wa kushoto aliudaka baada ya kuhama mapema yadi tatu kuufuata mzunguko wake.

Kisha ikaja zamu ya ranibeki. Mpango mkuu wa timu ulikuwa wa kupenya katikati: safu ya mbele inasukuma kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na ranibeki anaanza kumlenga mwenzake wa safu hiyo aliye jirani na wa kati. Anapokea mpira kiwiko cha ndani kikiwa juu na cha nje kikiwa chini tumboni, haunyakui, anaufumbata. Anaikaribia safu mpaka karibu azikanyage nyayo za wenzake, ndipo anakata mara moja. Ukikata mapema, lainibeka, mkabaji anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani, hajajitia popote na atakufuata. Wa Florida alikuwa akikwepea nje kila mara. Kwenye sekondari mbio zake zilimwezesha kuwapita pembeni. Chuoni na walinzi wa pembeni wana mbio, na mara tatu mfululizo alikabwa nyuma ya mstari. Jaribio la nne akapata mwanya, akaenda yadi 60 bila kuguswa. Uwanja ulipiga kelele. Ni kweli ilikuwa nzuri.

Lakini namba ilikwenda na mchezo, yaani jaribio moja, ambao hakushika mpira kabisa. Kotabeki alikuwa arushe, na ranibeki alibaki kumlinda. Kanuni ya ulinzi huo ni kusoma kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu anayekuja katikati ndiye mwenye njia fupi. Wakabaji wawili wa upande wa pili walijongea pamoja, mmoja katikati, mmoja pembeni kabisa. Kijana akamtazama wa pembeni, yule anayeonekana zaidi, na wa katikati akapita kama mlango uko wazi. Kotabeki mazoezini huvaa fulana ya rangi nyingine na haguswi, kwa hiyo ilipulizwa filimbi tu. Mchezo uleule, zamu iliyofuata, mwandamizi wa mwaka wa nne alipanda hatua mbili kumkuta lainibeka karibu na safu badala ya kumsubiri mapajani mwa kotabeki, akakunja magoti, mikono miwili ndani ya kifua chake. Hakumsukuma nyuma hata kidogo. Alimzuia tu, muda wa kutosha mpira kutoka.

Usiku kocha alipitia video na kumpa kila mmoja alama kwa kila mchezo: kazi aliyopangiwa, ufundi, juhudi. Yadi 60 zilihesabiwa mchezo mmoja, sawa na ule wa filimbi.

Orodha ikabandikwa Jumapili. Ranibeki wa kwanza mwandamizi, wa pili wa Florida. Teke la angani akapewa mfupi. Teke la kuanzia likaenda kwa wa Florida, na hilo nililiunga mkono: lile linapigwa kutoka yadi ya 35, wakabaji wako mbali linaposhuka, kudaka ni rahisi, na kinachotakiwa ni kukimbia moja kwa moja. Tofauti yake ni kwamba haliachwi. Likishapita yadi 10, likibaki chini uwanjani hata waliopiga wanaweza kulichukua. Sikuelewa kwa nini mrudishaji wa pili, anayesimama naye pale nyuma, aliwekwa mwandamizi, mtu atakayebeba mpira mara 20 kwa mechi. Kazi ya yule wa pili karibu yote ni kumgonga mkabaji wa kwanza anayefika, na kwa hiyo mfupi angefaa zaidi. Nilimwambia msaidizi wa kocha. Akaniagiza nikaijaze upepo mipira ya Jumatatu.