g imetoka 39, kumbe shida ni kamera

Hii namba 39 imenisumbua siku mbili nzima, ngoja niandike maana najua kuna mtu saa hizi anahangaika nayo kama mimi.

Nilikuwa napima g, yaani jinsi mvutano wa dunia unavyoongeza kasi ya kitu kinachoanguka kila sekunde. Nadondosha mpira mdogo kutoka mita moja, narekodi kwa kamera ya USB iliyochomekwa kwenye laptopu, afu video naiingiza kwenye Tracker, ile programu ya bure ya kufuatilia kitu fremu kwa fremu, yaani picha moja moja za video. Jibu linajulikana, g ni 9.8. Mimi napata 39. Nikapima rula upya, nikaweka skeli upya, nikabadilisha mpira, bado 39.

Kilichonishtua ni kwamba haikuwa inayumba. Kosa la mkono lingenipa 8 mara hii na 11 mara ijayo, hili limeganda palepale, nikagawanya 39 kwa 9.8 nikapata 4 na hapo ndo nikaelewa, maana kwenye g muda unaingia kwa kipeo cha pili, yaani muda ukisomeka nusu ya ulivyo basi g inakuwa mara nne. Rula haina kosa, kilichoharibika ni muda.

Nikaicheza video tena nikiangalia mkono wangu badala ya mpira. Mkono unaenda mbio kuliko kawaida! Faili linadai fremu 30 kwa sekunde, kumbe kamera ilikuwa inatoa 15 na programu ya kurekodi imezipanga kama vile ni 30.

Kwa nini 15? Giza. Nilifunga mapazia ili mpira uonekane vizuri, na hizi kamera zikiwa kwenye oto, mwanga ukipungua zinaiacha kila fremu wazi muda mrefu ili picha isiwe nyeusi, sasa fremu moja ikikaa wazi 1/15 ya sekunde hizo 30 utazitoa wapi. Mpira wenyewe unaanguka mita moja kwa sekunde 0.45 tu, kwa hiyo nilikuwa nabaki na fremu sita saba, na zile za chini mpira umekuwa mstari mrefu kwa sababu pale unakimbia zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Alama unaweka katikati ya nini?

Kwa hiyo fungua setingi za kamera, zima eksposha ya oto (eksposha ndo huo muda fremu inakaa wazi), weka fupi. Kwenye Windows mara nyingi utakuta namba hasi, -4 ni 1/16 ya sekunde na -8 ni 1/256, mimi natumia -8. Picha itakuwa nyeusi, ongeza taa, tena nyingi, usirudishe eksposha juu tafadhali.

Nikadhani nimemaliza, nikapandisha picha iwe 1280 kwa 720, fremu zikashuka hadi 10. Hii ya sasa ni njia ya USB kujaa. Video isiyobanwa ya ukubwa huo, kila pikseli baiti 2, fremu 30, ni kama megabaiti 55 kwa sekunde, na USB 2.0 mwisho wake ni 60 kwenye karatasi, kiuhalisia haifiki. Chagua MJPEG ambayo inabana picha ndani ya kamera, au shuka 640 kwa 480 ambayo inakula kama 18 tu. Na kamera ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye habu moja na flashi.

Siku hizi kabla ya jaribio lolote narekodi kwanza pendulamu ya sentimita 25, ukipima kutoka inaponing'inia mpaka katikati ya kigololi. Ikibembea kidogokidogo, kwenda na kurudi ni sekunde moja karibu kamili, kwa hiyo mara 10 lazima ziwe fremu kama 300. Zikiwa 150 siugusi hata mpira, narudi kwenye taa.

Jana usiku nimedondosha mara tatu mfululizo. 9.7, 9.9, 9.7.