Leo ubao umeitika

Jamani, silali bila kuandika hili.

Gitaa ninalolitengeneza hapa uwani kwetu Mwanakwerekwe lina wiki ya tatu sasa. Uso wake ni mbao ya sprusi, unene kama milimita 3 tu. Kwa ndani nimegandisha mbavu mbili kubwa, yaani vijiti vya mbao vya kuutia uso nguvu, zilizopishana kama alama ya X, mtindo unaojulikana tangu magitaa ya Martin ya Marekani, karne ya 19.

Nyuzi za chuma zikikazwa huvuta hata zaidi ya kilo 70. Mbavu zikiwa nene mno, sauti inakufa. Zikiwa nyembamba mno, uso unavimba.

Tangu asubuhi naugonga ubao huo wa uso kwa kidole, nausikiliza. Tok. Tok. Mlio mkavu, kama wa kubisha mlango.

Baada ya laasiri nikashika patasi. Nakwangua kidogo kwenye ncha ya ubavu, nagonga. Tena kidogo, nagonga. Maranda yanajikunja kama maganda ya mdalasini.

Mara... duuum.

Ukaitika!

Mlio mzito, ukakaa, ukaondoka taratibu. Nilikuwa nimeushika ubao pembeni kwa vidole viwili, nikausikia ukitetemeka mpaka kiganjani. Mama alikuwa akichagua mchele, akainua kichwa: "Mwanangu, nini hicho?" Habari za mbavu hazijui, lakini kasikia.

Ubavu wa pili bado. Nauogopa, wallahi, maana ukishakwangua hurudishi.

Mafundi wa udi na gitaa, nyinyi mnajuaje pa kuiachia patasi? Niambieni kabla ya kesho asubuhi.