Mwanya wa Saiprasi

Tulipohamia kijiji hiki nje kidogo ya mji wa Molo, mwaka 2018, neno la kwanza nililopewa na jirani baada ya salamu lilikuwa la kunikataza. Nilikuwa mpakani na fundi wa seng'enge, namwonyesha mahali ua wa miti ya saiprasi ulipoachia nafasi, namwambia aanzie pale. Mzee mmoja akatokea upande wa pili, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Alinitazama, kisha akautazama ule mwanya.

"Mama, kwingine kote weka. Hapo usizibe."

Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nimelelewa kwenye nyumba zilizoshikana kuta, jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako. Lakini hata huko mtu hupiga hodi mlangoni. Hapa palikuwa na mianya miwili, mmoja juu na mmoja chini kuelekea kijitoni, na katikati yake kijia kilichokanyagwa hadi udongo ukang'aa, kimekata ekari zetu mbili kama mshono. Watu walipita humo asubuhi na jioni, na debe la maji, na mzigo wa kuni, wakinisalimu bila kusimama. Nilivumilia. Na niseme ukweli, ile mianya ilibaki kwa sababu pesa za seng'enge ziliisha kabla fundi hajafika huko.

Juu yetu anakaa yule mzee. Kila mtu humwita Guka, ndiyo babu kwa Kikuyu. Chini anakaa Kogo, ambaye ni bibi kwa Kikalenjin, mwanamke mrefu anayetembea mikono nyuma kama anayekagua kazi ya watu. Mimi wakaniita Mama Pwani. Lugha yetu sote ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake.

Tausi nilimnunua kwa Guka mwaka uliofuata. Ng'ombe wa maziwa, mweusi na mweupe, ameshazaa mara mbili. Bei aliyonitajia ilikuwa ya chini mno nikadhani ana ila. Guka akacheka kidogo, akasema, "Siuzi mbali. Nataka kumwona."

Basi ukaja mwaka 2020. Katikati ya Machi shule zikafungwa, watoto wakawa nyumbani. Tarehe 27 ikaanza kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu anafanya kazi bandarini Mombasa. Tarehe 8 Aprili mji ukafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, naye yumo ndani. Mvua ya masika ikanyesha mwaka ule kama iliyotumwa. Huko Kano, upande wa Kisumu, watu walihama makwao kwa mafuriko, na kwetu barabara ya udongo iligeuka uji. Nilikuwa peke yangu na watoto wawili, kuku, viazi shambani, na ng'ombe mwenye mimba pevu.

Alizaa mwanzo wa Mei, tukiwa ndani ya Ramadhani, baada ya alasiri. Alizaa vizuri. Ndama jike, miguu mirefu, akasimama kabla sijamaliza kumfuta. Nilikamua dang'a kidogo, yale maziwa ya kwanza, nikamnywesha kwa chupa, nikamshukuru Mungu, nikaenda kufuturu nikiwa na furaha ya kuweza.

Baada ya isha nilirudi zizini na tochi. Tausi alikuwa amesimama, lakini miguu ya nyuma inatetemeka, anayumba kama mlevi. Sikujua hiyo ni nini. Nilipomwendea tena saa tatu na nusu alikuwa chini, shingo ameipinda ikaelekea ubavuni, pua kavu kama gome la mti. Nilimshika masikio. Yalikuwa baridi. Baridi ya Molo naijua sasa, inaingia mpaka kwenye meno, lakini ile ilikuwa baridi ya namna nyingine.

Nikampigia daktari wa mifugo. Alinisikiliza hata sijamaliza. "Hiyo ni homa ya maziwa." Akanieleza haraka haraka: jina ni homa lakini mwili haupandi joto, unapoa. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, kalsiamu yote inakimbilia kwenye kiwele, damu inabaki bila, na misuli haifanyi kazi bila kalsiamu. Kwanza miguu, mwisho moyo. Daraja la upande wake lilikuwa limefunikwa na maji, na hata lisingefunikwa, kafyu ilikuwa imeshapiga. Angekuja alfajiri. "Lakini mama, bila dawa huenda asifike alfajiri. Na usikubali alale ubavu, gesi itamjaa tumboni imuue. Mkalishe kwa kifua. Uko na nani hapo?"

Ng'ombe yule alikuwa na kilo kama mia tano. Mimi nilikuwa na kijana wa miaka 12 na binti wa miaka 9.

Nilimpigia Guka. Nilianza kwa kuomba radhi, nikataja saa, nikataja kafyu, nikataja corona. Akanikatiza: "Washa taa ya nje." Simu ikakatika.

Hawakuja kwa barabara. Nilisimama chini ya mabati ya zizi nikaona tochi inateremka gizani, inazimika, inawaka, kisha ikajitokeza kwenye mwanya wa juu. Guka, mke wake, na wajukuu wawili wamebeba magunia yaliyojazwa majani makavu. Sijageuka vizuri, nikasikia maji ya tope yanachapwa upande wa chini. Kogo huyo, na mjukuu wake wa bodaboda nyuma yake. Yeye hakuna aliyempigia simu. "Taa ya zizi saa nne usiku," alisema, "si kitu cha kulala nacho."

Miezi ile tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, mita moja na nusu, barakoa usoni, tunapeana vitu kwa kuviweka chini na kurudi nyuma. Kwa dakika chache walisimama hivyo, kila mmoja pembeni yake ya zizi. Kisha Tausi akapiga mguno akaanza kulalia ubavu. Tulimrukia wote kwa pamoja. Mabega yamebanana, mikono juu ya mikono, Guka barakoa imeteremka hadi kidevuni. Tulimsukuma akakaa kwa kifua, magunia yakawekwa huku na huku kama mito ya mgonjwa, kichwa kikaelekezwa upande wa mwinuko. Kogo akavua shuka lake la bega akamfunika nalo mgongo. Halikuwa la kutupa lile shuka. Nimemwona nalo akienda kanisani.

Dawa ilikuwa kwenye duka la agroveti, senta, kama kilomita mbili. Pikipiki ingesikika, na doria ilikuwa barabarani. Mjukuu wa Kogo alikwenda kwa miguu katikati ya mashamba, mwanya hadi mwanya, kwenye tope la magoti. Mwenye duka anaishi nyuma ya duka. Alimfungulia kwa mlango wa uani, akampa chupa mbili na sindano, hakudai hata senti usiku ule. Kijana alirudi baada ya saa moja na kitu, chupa kazitia ndani ya shati kifuani, na bila kujua alikuwa amefanya jambo sahihi, maana daktari kwenye simu alikuwa anasisitiza dawa isiingie baridi. Hata hivyo tuliichovya kwenye maji ya uvuguvugu. Kuchoma kwenye mshipa kunataka mjuzi: ukienda mbio, moyo husimama. Akatuelekeza tuchome chini ya ngozi, nyuma ya bega, chupa moja tuigawe sehemu tano.

Mke wa Guka ndiye aliyechoma. Aliwahi kufanya kazi shamba kubwa la ng'ombe akiwa msichana. Alivuta ngozi kwa vidole viwili ikainuka kama hema dogo, akaingiza sindano, na mimi nikasugua uvimbe wa dawa kwa kiganja, taratibu, ili usambae. Kijana wangu ndiye aliyeshika tochi. Mkono wake ulitikisika mwanzo, ukaja ukatulia. Naukumbuka mwanga ule juu ya manyoya yaliyolowa, na mvuke ukipanda kutoka kwetu sote, watu na ng'ombe.

Kisha hakuna la kufanya ila kungoja na kumgeuza. Kila saa mbili lazima ageuzwe upande, vinginevyo mguu unaolaliwa hufa ganzi, na ng'ombe hata akipona hasimami. Nilitarajia waende zao. Guka akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Hapo ndipo nilipomuuliza, miaka miwili baadaye, kwa nini alinikataza kuziba.

Hakujibu upesi. Alisema ilikuwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Usiku, ukisimama pale juu kwake, ulihesabu nyumba zinazoungua kwenye mlima wa pili. Lori lilikuwa linakuja kuwachukua kuwapeleka Nakuru, kule kwenye uwanja wa maonyesho walikopigiwa mahema, na lori halibebi ng'ombe. Alikuwa na wawili. Aliwafunga midomo kwa kamba ili wasilie, akawapitisha kwenye kijia hiki, katikati ya shamba ambalo sasa ni langu. Alipofika mwanya wa chini alimkuta Kogo amesimama hapo gizani.

"Hatukuongea," alisema Guka. "Alishika kamba."

Waliomuuliza Kogo aliwaambia amenunua. Waliuliza zaidi ya mara moja, na si kwa upole. Guka alikaa kwenye mahema, kisha kwa ndugu, akarudi baada ya mwaka na zaidi kuezeka upya. Siku aliyofika, Kogo alipanda na kijia kile kile, akiswaga ng'ombe watatu. Mmoja alikuwa amezaliwa kwake.

"Yule wa tatu," Guka alisema, akamwelekezea Tausi kidevu, "ndiye nyanya ya huyu."

Nilimtazama Kogo. Alikuwa amechutama karibu na kichwa cha Tausi, anamkuna chini ya sikio. Nilidhani ataongeza lolote. Akasema tu, "Yule ng'ombe alikuwa na teke mbaya. Ndoo zangu mbili alipasua." Guka akaitikia kwamba ni kweli, mama yake pia alikuwa hivyo. Wakaanza kubishana ni mwaka gani yule ng'ombe aliuzwa, nami nikanyamaza na kusugua ngozi ya Tausi pale pasipohitaji tena kusuguliwa, kwa kuwa sikujua pa kuiweka mikono yangu. Miaka miwili nimekanyaga kijia kile nikikiona kero.

Tulimgeuza saa sita, tukamgeuza saa nane. Kiasi cha saa tisa mwili wote wa Tausi ulianza kutetemeka, mawimbi madogo kwenye mapaja, nikadhani ndiyo mwisho. Mke wa Guka akasema hapana, ndiyo mwanzo. Tausi akacheua gesi kwa sauti, akatoa kinyesi, na kijana wangu akaita, "Mama, pua!" Kwenye ile pua iliyokuwa kavu kama gome, vilikuwa vimeota vijitone vya jasho, safi, kama umande. Kila mtu aliinama kuviangalia, mmoja baada ya mwingine.

Sikumwona Kogo alipoondoka. Saa kumi kasoro alirudi na chupa ya chai na bakuli la viazi vilivyochemshwa, limefunikwa kwa sahani. Aliniwekea mimi peke yangu. "Mama Pwani, saa yako ya kula inapita. Kula, kesho unafunga." Kogo ni Mkristo, wa kwenda kanisani kila Jumapili. Nilikuwa nimesahau daku yangu mwenyewe. Yeye alikuwa anaihesabu.

Daktari alifika saa kumi na mbili, tope hadi kiunoni. Alimpa chupa ya pili kwenye mshipa, polepole, sikio lake likisikiliza moyo. Robo saa baadaye Tausi aliinua matako kwanza, kama wafanyavyo ng'ombe, akasita, akasimama. Daktari akaonya tusimkamue akakauka siku hizo za mwanzo, tumwachie kiweleni, homa isimrudie. Nilipotaka kuwashukuru wenzangu nikakuta zizi tupu. Walikuwa wameshapita, wanne juu, wawili chini, kwenda kukamua wa kwao. Shuka la Kogo lilibaki mgongoni kwa Tausi. Nililifua mara tatu.

Mombasa ilifunguliwa tarehe 7 Julai. Mume wangu alifika siku tatu baadaye, na juu ya gari aliloabiri kutoka Nakuru kulikuwa na mizingo minne ya seng'enge. Alikuwa ameweka akiba muda wote huo ili amalizie ua. Kesho yake tulitoka pamoja na fundi. Tulipofika kwenye mwanya wa juu, mume wangu akanyoosha futi ya kupimia kutoka nguzo hadi nguzo, akaniuliza tuache upana gani.

Nikamwambia amwite Tausi, apite, apime.