Kumbukumbu ya mradi: ngozi imekubali rangi, bango limegeuka kanga

Naipaka rangi picha ya zamani kwa kompyuta, na ngozi imekaa sawa sasa, bila umachungwa wala ujivujivu. Picha ni ya studio ya pwani, nyeusi na nyeupe, sentimita 9 kwa 12: mwanamke amejitanda kanga ya kisutu, mwanga wa dirisha unamjia kutoka kushoto. Lengo ni bango la A3.

Skani ni ya dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi. Kwa 600, urefu wa sentimita 12 unatoa pikseli 2,834 tu, na A3 ya dpi 300 inataka 4,961. Skani kwa rangi hata kama picha haina rangi: madoa ya njano ya karatasi iliyozeeka hujaa kwenye chaneli ya buluu (picha ya rangi ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na buluu) na karibu yote hupotea kwenye chaneli nyekundu. Chaneli nyekundu peke yake ndiyo ikawa picha yangu ya kijivu, nikairudisha RGB, yaani chaneli zote tatu, kwa biti 16, na sehemu kubwa ya kazi ya kufuta madoa ikajimaliza.

Sasa ngozi, ambayo ndiyo iliyokula muda wote. Njia ya kawaida ni kumwaga kahawia moja kwenye leya (tabaka) ya juu na kuiweka kwenye modi ya Color, inayobadilisha rangi na kuacha mwangaza ulivyo. Mashavu yanatoka vizuri. Lakini mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua unakuwa wa machungwa, kama sanamu ya plastiki, na kivuli cha chini ya kidevu kinawaka wekundu ambao haupo kwenye ngozi ya mtu yeyote. Ukipunguza nguvu ya leya, uso mzima unapauka kabla machungwa hayajaondoka.

Chanzo ni fizikia ya mwanga. Mng'ao kwenye ngozi nyeusi si rangi ya ngozi: ni mwanga wa dirisha uliogonga uso wa ngozi na kurudi ulivyo, mweupe wenye ubuluu kidogo. Kahawia inatoka kwenye mwanga ulioingia ndani ya ngozi ndipo ukarudi, na huo ndio unaotawala toni za kati. Kivulini mwanga ni haba, kwa hiyo na rangi ni haba. Rangi inatakiwa ikolee katikati na ififie ncha zote mbili, na leya ya rangi moja haiwezi kufanya hivyo hata uibembeleze vipi.

Kilichofanya kazi ni gredienti map, kichujio kinachokipa kila kiwango cha kijivu rangi yake. Nakili leya ya kijivu, ipitishe kwenye gredienti, iwekee maski inayoonyesha ngozi tu, kisha modi iwe LCh Color, ili mwanga na kivuli vibaki vya picha ya chini. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, usichague HSL Color hapa. Hiyo hupima mwangaza kwa hesabu isiyofuata jicho, na toni za kati hubadilika uzito.

Hata hivyo gredienti zilizo tayari hazifai, kwa sababu zinatandazwa kutoka 0 (nyeusi kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Histogramu (grafu ya viwango vya mwangaza) ya ngozi peke yake kwenye picha hii inaanza 30 na kuishia 205. Rangi ya mng'ao ukiiweka 240, hakuna hata pikseli moja ya ngozi itakayoifikia. Vituo vyangu ni hivi, kiwango cha mwangaza kwanza kisha msimbo wa rangi yake: 30 ni #1C110E, 70 ni #43241A, 115 ni #7A452B, 153 ni #A87450, 184 ni #CDB9A8, na 205 ni #E4E7EA. Hicho cha mwisho chenye ubuluu ndicho kilichoua plastiki. Picha nyingine itataka namba nyingine, kwa hiyo soma histogramu kwanza.

Juu yake kuna brashi laini ya #8E3B2E kwa asilimia 12 kwenye mashavu, pua na masikio. Mdomo wa chini una uwaridi kuliko wa juu. Weupe wa jicho si mweupe: #D9CFC6. Ukingo wa maski ulainishwe pikseli 4 hadi 6, maana lenzi yenyewe haikuchora ukingo mkali zaidi ya hapo.

Kisutu kilileta ukaidi wake. Midomo imetoka myeusi, na nyekundu ya kanga imekaribia kulingana na nyeusi yake, dalili ya filamu ya orthokromatiki, isiyoona mwanga mwekundu. Nyeusi iko 18, nyekundu iko 34. Modi ya Color haigusi mwangaza, kwa hiyo nyekundu juu ya 34 inabaki giza tupu. Inua kwanza kwa Curves, kifaa cha kupinda viwango vya mwangaza, 34 iwe 75 huku 18 ikishikiliwa palepale, ndipo upake #A3161E.

Programu za akili mnemba sizitaki kwenye kazi hii. Zisipokuwa na uhakika hutoa wastani wa rangi zilizojifunza, yaani kahawia iliyopauka, na kisutu hazikijui. Kwa gredienti napendelea Krita, programu ya kuchora, kwa kuwa huko inakaa kama maski ya kichujio na unabadilisha vituo wakati wowote. Maandishi nayapanga kwa Inkscape, programu ya michoro.

Bango lilipangwa kuwa na gridi ya safu tatu na fonti mbili. Nimeliacha hilo, kwa sababu kanga iliyomo pichani ina mpangilio bora: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini ya mji. Pindo ni milimita 25, nje yake ziada ya milimita 3 ya kukatwa. Uso umekaa kwenye mji. Rangi ni tatu tu za kisutu, ili kahawia ya ngozi isishindane na kitu.

Jina linataka herufi kubwa za milimita 25 ili lisomeke vizuri kutoka mita 3, yaani fonti ya pointi 100 hivi. Ndani ya milimita 247 za upana zilizobaki kati ya pindo, fonti ya upana wa kawaida inabeba herufi 10. Bebas Neue, fonti nyembamba, inafika 17.

Kabla ya kuchapa A3 nzima, chapa ukanda wa uso wa sentimita 5 kwenye karatasi ileile. Ngozi ikivuta ukijani, punguza wino wa samawati (cyan) kwenye toni za kati peke yake; ukiigusa kote, nyeusi ya pindo nayo inageuka kahawia.