Noti kumi na tatu

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Tangu nikiwa na miaka kumi na moja nimeandika matokeo ya kriketi mpira kwa mpira, na jumla zangu hazijawahi kukataa. Halafu nikafika mpakani, kijana wa umri wa mwanangu wa pili akanihesabia noti ishirini mbele ya macho yangu, nikaondoka na kumi na tatu.

Kriketi nimeipatia Uhindini, hapa hapa Mbeya mjini, nilipokuwa kijana wa dukani. Mzee mwenye duka alikuwa na redio aliyoifunga waya mrefu hadi juu ya bati. Siku ya mechi yeye alipima sukari na mimi niliandika kwenye vipande vya maboksi: nukta kwa mpira usio na kitu, namba kwa mikimbio, ndizo alama, msalaba kwa wiketi, yaani mpigaji ametolewa. Hakunieleza kanuni, alinigombeza tu nilipokosea, nikazijua. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya 1975, timu ya Afrika Mashariki ilipokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza ikapigwa mechi zote tatu. Aliisimulia kwa fahari kama aliyepigwa yeye mwenyewe.

Sasa magoti yamemkatalia. Mwaka 2024, India walipotwaa Kombe la Dunia la ova ishirini, ova moja ni mipira sita, tarehe 29 Juni, ilikuwa imeshajulikana kwamba wiki moja baadaye vijana wao watacheza Zimbabwe, mechi tano, zote Harare. Nikamwambia mzee nina akiba kidogo, nataka kwenda kuona mbili za kwanza, za Jumamosi na Jumapili. Akasema, "Nenda kijana, uniandikie." Nina wajukuu wawili, lakini kwake bado ni kijana.

Mke wangu aliuliza mara moja tu: "Kilomita elfu moja na mia sita kwenda kuangalia watu wakipiga mpira kwa ubao?" Nikasema ndiyo. Akanifungia maandazi.

Nikaondoka Alhamisi asubuhi kwa Kosta. Siti za watu wanne tulikaa watano, na nauli ilikuwa ileile. Mbeya ya Julai mnaijua, sina la kusema. Foleni ya malori tuliikuta tangu Mpemba, madereva wameshuka wanapika ugali pembeni ya matairi kama watu waliohamia. Saa nne na nusu nilikuwa nimeshagongewa pasi, niko Nakonde upande wa Zambia. Ukivuka pale unarudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo nilipewa saa nzima ya bure. Kumbukeni hilo.

Nikakata tiketi ya basi la Lusaka, wakala akapokea shilingi bila kuguna, begi langu likaingia kwenye buti. Ndani ya begi kulikuwa na daftari jipya la kurasa mia mbili, kalamu tatu, koti na maandazi. Basi linaondoka saa sita, muda upo. Nikabaki nimesimama kivulini na shilingi laki mbili na elfu kumi kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo baba."

Kijana ana jaketi jeusi, amenyoa vizuri, mkononi bulungutu la kwacha limefungwa kwa mpira. Nikaitikia. Akaniambia nisiende kwenye duka la kubadilisha fedha, "Watakula baba, wale wana kodi ya pango." Yeye anabadilisha kwa shilingi 105 kwa kwacha moja, dukani nilikuwa nimeona 108. Kwa shilingi tatu hizo niliuza akili yangu. Laki mbili na kumi gawa kwa 105 ni kwacha 2,000 kamili, noti ishirini za mia mia. Nilifurahi hata kwa jinsi hesabu ilivyogawanyika bila baki.

Akahesabu yeye, haraka. Akanipa. Nikahesabu mimi, taratibu, kwa kulamba kidole kama mzee alivyonifundisha. Kumi na tisa.

"Zimepungua moja," nikasema.

Uso wake ukaingia haya ya kweli kabisa. "Samahani baba. Lete." Akachukua fungu, akahesabu tena, akatikisa kichwa, akachomoa noti moja mfukoni akaiweka juu nikiiona. "Ishirini. Baba, wewe ni mwalimu?" Nikacheka. Nikasema siyo, lakini nimezoea hesabu. Akanirudishia fungu limekunjwa katikati, akapokea shilingi zangu, hakuzihesabu hata. Nilimwona mtu muungwana.

Mnaona ilipokwenda. Mimi nilikuwa naangalia noti inayoingia juu. Saba zilitoka chini. Nilikuja kugundua dakika kumi baadaye nikinunua maji. Nikahesabu mara tatu nikitumaini zitaongezeka.

Mtu mwenye busara angesema shilingi elfu sabini na tatu na mia tano zimekwenda, akapanda basi. Mimi nilimwona yule kijana, au jaketi lake, likipita kwenye uchochoro kurudi upande wa Tunduma, nikamfuata. Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliopitishiwa mstari. Wenyeji wanauvuka kama kuku wanavyovuka barabara. Kwa hiyo nilirudi Tanzania bila pasi yangu kujua. Nikapita katikati ya vibanda vya viatu vya mitumba, nikalikamata jaketi bega. Akageuka mtu mwingine kabisa, mzee kuliko mimi kidogo, mdomoni ana mswaki. Nikaomba radhi. Wenzake waliokuwa wamekaa juu ya ndoo wakanisikiliza kisa changu kwa huruma kubwa, na mmoja akasema, "Mzee, hapa majaketi meusi yaliingia marobota mawili wiki iliyopita." Wakacheka. Mmoja akaninunulia kahawa. Kahawa nzuri, siwezi kuinyima haki yake.

Niliporudi, pale basi liliposimama palikuwa na doa la oili tu. Nilipewa saa moja ya bure na bado nikachelewa.

Nikalala Nakonde, chumba kwacha 150, ndoo ya maji ya moto inahesabiwa peke yake. Umeme hakuna. Mwaka ule Zambia walikuwa na ukame uliotangazwa janga la taifa, maji ya bwawa la umeme la Kariba yameshuka, umeme unagawiwa kwa saa. Nililala na viatu. Gizani nilikuwa naandika kichwani: mpira wa kwanza nukta, wa pili nukta, wa tatu msalaba.

Ijumaa alfajiri nikaenda walikosimama malori yaliyokwisha kuvuka. Nikasikia mtu anapigia kelele utingo wake kwa Kinyakyusa, nikasema "Ugonile!" kabla sijamwona. Dereva wa Tukuyu, amebeba mbolea ya Lusaka. Undugu ukatusaidia, ila siyo bure: kwacha 300, na niwe ninampigia soga asisinzie. Siku ile nzima nitaipita. Ni miombo kushoto, miombo kulia, magunia ya mkaa, na mashimo ambayo dereva aliyajua mojamoja kama majirani. Tukalala Mpika.

Jumamosi saa saba mchana, saa za huko, Harare wanaanza. Mimi niko juu ya mbolea, nje ya Mkushi, sina daftari. Nikamwomba dereva simu yake yenye laini ya Zambia, nikanunua bando kwa noti mojawapo ya zile kumi na tatu, utingo akanipasulia boksi la biskuti. Miaka arobaini imepita na nimerudi kwenye boksi.

India wameshinda kura ya shilingi, wanarusha. Zimbabwe wanapiga. Mtandao unakuja kwenye vilima na kupotea mabondeni, kwa hiyo mechi ilinijia vipandevipande kama harufu ya chakula cha jirani. Bishnoi, mrushaji wa India, alikuwa anawamaliza, wiketi nne kwa mikimbio 13 tu. Nikaudhika na hiyo kumi na tatu. Zimbabwe wakaishia 115 kwa wiketi tisa, na hata hiyo ni kwa sababu ya Clive Madande aliyeng'ang'ania mwishoni akabaki na 29 bila kutoka.

"Mia na kumi na tano ni nyingi?" dereva akauliza.

"Kidogo sana. Hawa ni mabingwa wa dunia."

Kweli ni kwamba mabingwa wenyewe wengi hawakuja. Nyota wao Rohit na Kohli walikuwa wamestaafu ova ishirini palepale baada ya fainali, na nahodha wa ziara alikuwa Shubman Gill. Lakini jezi ni ileile. Abhishek Sharma, mechi yake ya kwanza ya kimataifa, akatolewa bila mkimbio katika ova ya kwanza. Kuanzia hapo dereva alianza kupunguza mwendo kwenye vilima ili simu ishike. Alikuwa hajui wiketi ni nini, lakini alijua mnyonge anampiga mwenye nguvu, na hilo halihitaji tafsiri. Tulipokaribia Kabwe akaegesha kabisa. Ova ya mwisho, mpira wa tano, Chatara wa Zimbabwe akamtoa Washington Sundar wa India. India 102, wote nje. Dereva akapiga honi ndefu mpaka mama wa mahindi ya kuchoma akatukimbilia na mahindi.

Zimbabwe wameshinda kwa mikimbio 13. Nikaitazama ile namba kwenye boksi. Nimeweka akiba miaka miwili, na mechi ambayo watu wa Harare wataisimulia kama mzee anavyosimulia 1975, nimeiona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nanuka mbolea.

Lusaka usiku begi langu nililikuta chini ya meza ya wakala wa basi, halijaguswa, maandazi yakiwemo. Hivyo tuandike na haya: kilichoibiwa Nakonde ni kilichokuwa mkononi mwangu, kilichoachwa peke yake kilisalimika. Nikaunga gari dogo la wafanyabiashara hadi Chirundu, tukavuka Zambezi alfajiri. Pale angalau pasi zinagongwa sehemu moja, hawakutembezi. Halafu mlima, halafu Karoi, Chinhoyi, na Harare kabla ya saa saba, usingizi umenikaa shingoni.

Uwanja wa Harare Sports Club ni mzuri kwa namna inayokufanya uone aibu ya kwenu. Umezungukwa na miti ya jakaranda, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Kila kitu ni dola. Sahani ya sadza na nyama nilitoa noti ya dola tano, chenji nikapewa peremende mbili na samahani, kwa sababu sarafu ndogo hazipo na noti zao mpya za ZiG muuzaji alisema zimemwishia. Sadza ni ugali. Mtu wa Mbeya amelipa dola kula ugali.

Nikafungua daftari. India wakaanza wao. Gill akatoka mapema kwa mikimbio miwili, kona ya washabiki inayoitwa Castle Corner ikaimba, ngoma zikapigwa, nikaamini jana inarudi. Halafu yule yule Abhishek aliyetoka patupu jana akaanza kupiga. Siyo kupiga, kutupa mpira nje ya mji. Sita, mpira unaoruka mpaka wa uwanja hewani, nane; nne, unaoufikia ukigusa chini, saba. Mia yake ilikuja kwa sita tatu mfululizo, na mpira uliofuata akatoka: 100 kwa mipira 47. Mkono wangu uliuma kwa kuandika sita. India 234 kwa wiketi mbili, Zimbabwe 134. Mia moja kamili ya tofauti, inagawanyika vizuri, sikufurahi.

Lakini wale wa Castle Corner hawakunyamaza. Wamepigwa mia, wanaimba kama wameshinda kumi na tatu. Nikaufikiria uwanja wetu wa Sokoine. Simba au Yanga wakija Mbeya, jukwaa zima linavaa rangi za mgeni, na vijana wetu wa Prisons au Mbeya City wanacheza ugenini nyumbani kwao. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, nina jezi kabatini. Mhindi mmoja aliyekaa karibu nami, mzaliwa wa Harare, alikuwa amevaa nyekundu ya Zimbabwe huku wanawe wamevaa buluu, nikamuuliza nyumbani wanakulaje meza moja. Akasema wanakula, ila hawazungumzi.

Kurudi hakuna cha kusimulia, isipokuwa Nakonde nilishika mfuko wa shati kwa mikono miwili na majaketi meusi manne yaliniamkia.

Nilikwenda Uhindini kesho yake. Mzee akaweka daftari pembeni, hakulifungua. Alitaka boksi. Akavaa miwani, akapitisha penseli mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alichukua muda mrefu. Mteja wa mafuta ya taa alisubiri.

"Zimbabwe 115?"

"Ndiyo mzee."

"Hapa nimeona 111." Akainua macho. "Nne ziko wapi, kijana?"

Nikamwambia ziko kati ya Mkushi na Kapiri Mposhi, mtandao ulipokata. Akashusha penseli, akahesabu tena kuanzia juu.