Taa ya tangi la samaki: pima maji kwanza, wati baadaye

Karibu kila anayeanza kufuga samaki wa mapambo huuliza anunue taa ya wati ngapi. Wati hukueleza taa inakula stima kiasi gani, haikuelezi inatoa mwanga kiasi gani. Kipimo cha mwanga ni lumeni, na huwezi kujua unahitaji lumeni ngapi kabla ya kujua una lita ngapi za maji na ndani yake utapanda nini.

Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ukizidisha harakaharaka unapata lita 54. Toa changarawe ya sentimita 5 chini na nafasi ya sentimita 3 juu: kina cha maji kinabaki sentimita 22, na maji yenyewe ni kama lita 40. Mimea kama anubiasi na kangaga la Java hutosheka na lumeni 10 hadi 20 kwa lita, yaani 400 hadi 800 kwa tangi zima. Valisneria, ile yenye majani marefu mithili ya utepe, inataka 20 hadi 30 kwa lita. Nyasi fupi za kutandaa sakafuni zinadai 40 na zaidi, pamoja na mtungi wa kaboni dioksidi. Kama huna mtungi huo, achana nazo kabisa, maana mwanga ambao mmea umeshindwa kuutumia utatumiwa na mwani.

Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Kwa tangi letu lenye anubiasi na valisneria chache, wati 8 hadi 10 zinatosha. Ikiwaka saa nane kwa siku, wati 10 hazifikishi hata uniti tatu za tokeni kwa mwezi.

Shida ni maandishi ya kwenye boksi. Taa inaandikwa wati 36 na ukiifungua unakuta adapta ya volti 12, ampea 1. Zidisha: 12 kwa 1 ni wati 12, na adapta haiwezi kutoa zaidi ya hapo bila kuchemka. Kabla ya kulipa, geuza adapta usome sehemu iliyoandikwa OUTPUT. Hesabu hiyo ndiyo ya kuamini, si tarakimu kubwa iliyo mbele ya boksi.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito wake, hasa hapa Kisumu ambako wengi hufuga fulu, wale samaki wadogo wa rangi wa ziwani. Taa nyeupe ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) iko karibu na mwanga wa mchana, na mimea huikubali. Taa za zambarau za kuotesha miche hukuza mmea, lakini samaki wote huonekana wa rangi moja. Na kwa fulu, jambo hili halihusu macho ya mwenye nyumba peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba fulu wa Ziwa Victoria huchaguana kwa rangi: jike wa spishi ya fulu iitwayo Pundamilia nyererei hutafuta dume mwekundu, si yule wa buluu wa spishi jirani. Wakiwekwa chini ya mwanga wa rangi ya chungwa unaoficha tofauti hiyo, majike hushindwa kubagua. Kwa hiyo tafuta taa yenye Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ya 80 kwenda juu, na 90 ukiipata. LED za bei ya chini mara nyingi ni haba kwa wekundu, ndiyo maana dume anayewaka kama kaa la moto juani anaonekana kahawia ndani ya nyumba.

Sasa saa za kuwasha taa, na hapa ndipo matangi mengi huharibika. Anza na saa sita kwa siku. Baada ya wiki tatu ongeza nusu saa kila wiki, ukomee nane. Taima ni ya lazima, ila ile ya kisahani kinachozunguka haifai kwetu: stima ikipotea inasimama, na ikirudi inaendelea ilipoachia. Ikipotea kwa saa tatu leo na kwa saa mbili kesho, taa itawaka saa tano baada ya wakati wake, na mwishowe itawaka usiku wa manane. Nunua ya dijitali yenye betri ndani. Stima ikikosekana siku nzima, usihangaikie taa. Samaki na mimea watavumilia giza la siku moja. Hangaikia pampu ya hewa.

Usiweke tangi karibu na dirisha la mashariki. Tuko karibu kabisa na ikweta, na jua la asubuhi likipiga kioo cha tangi saa mbili mfululizo, hakuna hesabu ya lumeni itakayosimama. Maji yatakuwa ya kijani hata taa ikiwa imezimwa.

Wanaojitengenezea taa kwa utepe wa LED wa volti 12 hufanya vizuri, mradi waubandike juu ya bati la alumini ili joto litoke. Utepe wenye LED 60 kwa mita hukatwa kila baada ya LED tatu, kwenye alama ya mkasi. Gundi yake huachia kwa unyevu, kwa hiyo funga ncha kwa vibanio. Chagua adapta inayozidi mahitaji kwa asilimia 25 hivi. Ukiunganisha moja kwa moja na betri ya sola, jihadhari: LED tatu hula volti 9, na volti tatu zilizobaki hubebwa na rezista, kile kipande kidogo kinachozuia mkondo usizidi. Betri ikichajiwa hadi 14.4, rezista inabeba 5.4 na mkondo unakaribia maradufu. Utepe utang'aa sana kwa miezi michache kisha utakufa vipandevipande. Weka regyuleta, yaani kifaa cha kudhibiti volti, ya volti 12 katikati.

Kwa walioko Nakuru, kumbukeni kwamba LED haipashi maji joto kama balbu za zamani. Usiku wa baridi unahitaji hita, kama wati 50 kwa tangi hili.

Waya wa taa ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fyuzi ya ampea 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa taa. Badilisha uweke ya 3.

Kisha soma mimea. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa, usiguse taa. Madoa ya kijani juu ya majani ya anubiasi yanasema mwanga umezidi: inua taa sentimita 10 au punguza saa moja. Mashina yakirefuka na majani ya chini yakidondoka, mwanga haufiki. Kabla ya kukimbilia dukani, futa kioo cha kifuniko kwa siki, kwa sababu chokaa iliyokauka hapo hula mwanga mwingi.